Sarafu ya Shaba Isiyonunua Kitu

Mmeniuliza mmoja mmoja hadi nimechoka. Nikimaliza kumsimulia huyu, yule anaingia na kitambaa chake cha kushona, anakaa kwenye kiti cha wateja, anasema, "Mama Zena, hebu tuambie, Muyinga kulikuwaje?" Basi nimeamua niandike mara moja, msome wote, mniache nishone. Habari za nauli na vibali siandiki, hazina utamu. Naandika tuliyoyaona, tuliyoyala, na yaliyompata kaka yangu.

Gitega, kabla ya kuondoka

Kwanza mjue nilichokuwa nimebeba, maana mmoja wenu ameshatangaza mtaani kwamba nilibeba dhahabu. Ningekuwa na dhahabu ningekuwa nashona sare za shule mpaka sasa?

Kaka yangu Hamadi ni fundi wa bangili za shaba, kule Muyinga, kaskazini mwa Burundi yetu hii. Mtoto wake Saidi alikulia kwenye mvukuto wa baba yake, na sote tulijua ndiye atakayerithi nyundo. Kumbe mwenzetu ana mawazo yake. Akaondoka, akaenda Kongo, Kolwezi, kunakochimbwa shaba yenyewe. Siku anaaga, Kaka alimwambia, "Ukiuacha moto wangu, usiniletee kitu." Na Kaka akisema kitu, kimesemwa. Saidi alituma simu ya mkononi, ikarudi. Akatuma kanzu, ikarudi na mikunjo yake ya dukani. Akaoa huko, akapata mtoto wa kike, akampa jina la mama yetu, Mwanaidi. Habari hiyo Kaka aliipata kwangu. Akaniuliza bei ya mkaa Gitega.

Mara hii Saidi alimpa mzigo Mama Furaha. Mama Furaha ni Mkongomani wa Fizi, anauza vitenge, anazunguka Lubumbashi, Kigoma, Gitega, Muyinga, hana anapolala mara mbili. Aliniletea kisanduku kidogo cha mbao. Nikafungua. Ndani kuna mahameli nyeusi, na juu ya mahameli, kwenye kifuniko cha plastiki, kimelala kipande cha shaba nyekundu, duara, kizito, kinang'aa hadi unajiona pua. Upande mmoja kimechorwa nyundo mbili zilizopishana. Upande wa pili kuna maandishi ya kigeni na tisa tatu zimefuatana.

Nikampigia Saidi. "Hii ni pesa ya wapi?"

"Si pesa, Shangazi. Hainunui kitu. Ng'ambo wanazitengeneza kwa ajili ya watu wanaozikusanya. Hizo tisa ni kusema ni shaba tupu, haijachanganywa. Mhandisi mmoja mgeni alinipa siku anarudi kwao."

"Sasa kazi yake ni nini?"

"Kuwekwa. Kuangaliwa. Shangazi, huku tunachimba mawe ya kijani. Yanayeyushwa, yanatoka shaba, inapakiwa kwenye malori, inaondoka. Hatuioni tena. Hii huenda imetoka kwenye shimo letu. Imeenda huko, imechorwa, imerudi. Nataka Baba aone nilikuwa nafuata nini."

Kisha akasema jambo lililoninyima raha safari nzima. "Baba akiipokea, nakuja na mke wangu na mtoto. Akiirudisha, nitajua. Sitatuma tena kitu, wala sitakuja. Na umwambie ni ya kuweka, Shangazi. Asiipige."

Mi nikajibu, "Sawa." Ningesema nini?

Mstari wa mafuta

Tuliondoka na pikapu aliyoikodi Mama Furaha kupeleka mizigo yake ya vitenge. Niseme tulitaka kuondoka. Dereva wetu, Deo, alikuwa na gari zuri, matairi mazuri, redio nzuri, na hana mafuta. Tukaenda kupanga mstari kituoni. Mnajua mistari ya siku hizi, watu wanafahamiana humo hadi wanaalikana harusini. Tulinunua karanga, tukala. Tulinunua parachichi, tukala kwa kijiko cha Mama Furaha anachotembea nacho kwenye mkoba. Mwenye gari la mbele yetu alitoka kwenda kuswali adhuhuri, akarudi, mstari haujasogea hata kidogo.

Hapo ndipo Mama Furaha alipotaka kuiona vizuri. "Lete hii kitu niangalie. Mi nimeibeba toka Lubumbashi mu sakosi, hata siku moja sikuifungua," akasema, akipigapiga mkoba wake.

Akaigeuza geuza. "Ni mukuba," akasema. Kule Katanga ndivyo wanavyoita shaba. "Iko muzuri kabisa. Mais," yaani lakini, Kifaransa chake hicho, "inafanya nini?"

"Inakaa."

"Inakaa tu?"

"Inakaa, inaangaliwa."

Akafikiri. "Kama bwana wangu," akasema, na Deo akacheka hadi akapiga honi bila kukusudia, mstari mzima ukadhani mafuta yamefika.

Gitega hadi Karuzi

Mafuta yalipatikana, tukapanda milima. Njia ya Karuzi ni lami, ukiondoa pale ambapo si lami. Mama Furaha alikaa katikati, mimi dirishani na kisanduku mapajani. Alitaka kujua kwa nini nakishika kama yai, nikamweleza yote: Saidi, kanzu iliyorudi, mtoto aliyepewa jina la mama yetu.

"Na kaka yako iko mutu wa namna gani?"

Nikamsimulia habari ya uzi, inatosha kumjua. Kaka hatengenezi bangili kwa mkono ambao hajaushika. Watu wanakuja na kipimo cha uzi, wengine wameviringisha karatasi, mmoja alikuja na kifuniko cha chupa. Anawarudisha. Anasema uzi unajua unene tu, haujui mfupa. Bangili inapita kwenye kiganja kabla ya kufika mahali pake, na kila kiganja kina ukaidi wake. Mzee mmoja alitoka Kobero na uzi wa binti yake anayeolewa. Kaka akamwambia, leta mkono. Mzee akakasirika, akaondoka. Baadaye akarudi na binti, shangazi wa binti, na mashoga wa binti, na kila mmoja akataka bangili.

"Fundi mukaidi, mais tajiri," Mama Furaha akasema.

"Mkaidi tu."

Kabla ya Karuzi kulikuwa na kizuizi. Polisi kijana, mpole, alitusalimia kwa Kirundi, akaangalia vitenge, akaangalia mapaja yangu. Aliuliza kuna nini kisandukuni. Nikafungua. Jua likaipiga shaba, na uso wake ukawa mwekundu wote kwa mng'ao.

"Dhahabu?"

"Shaba," nikasema.

"Ni pesa?"

"Si pesa."

"Ni medali? Mama alishinda nini?"

Mama Furaha, ambaye hajui kukaa kimya, akadakia, "Ni ya maombi, chef, mukubwa wangu. Tunaombea safari." Mimi na ushungi wangu pale, na yeye na rozari yake shingoni. Polisi akatuangalia mmoja baada ya mwingine. Alimwita mwenzake, mwenzake akaishika, akaigonga kwa ukucha, akasema babu yake alikuwa na bangili za rangi hiyo hadi kwenye kiwiko, za umuringa, ndiyo shaba kwa Kirundi, na alizikwa nazo. Wakaanza kubishana wenyewe kama ni vizuri mtu kuzikwa na bangili. Sisi tukasahauliwa. Deo ndiye aliyewakumbusha kwamba tupo.

Nilipoifuta alama za vidole, nilijikuta naipenda. Sikutegemea. Kitu kisicho na kazi, na kila anayekishika anakumbuka babu yake.

Karuzi, nyama na maneno

Gari lilianza kutoa mvuke tukiwa tunaingia Karuzi. Deo alifungua boneti, akaifunga haraka, akasema ipoe. Basi tukala. Brosheti, mishikaki ya mbuzi, na ndizi za kuchoma, pilipili inayokufanya uombe msamaha kwa makosa ambayo hujayatenda. Mama Furaha aliuliza kama kuna sombe, kisamvu cha kwao. Hakuna. Aliuliza tena kwa sauti ya kubembeleza, labda huwa wanaficha. Hakuna.

Alipomaliza kula alinipa ushauri wake, na alikuwa ameufikiria. "Mama Zena, usimupe mbele ya watu. Mupe akiwa ameshiba. Na usiseme jina ya mutoto yake haraka."

"Nitasemaje basi?"

"Sema umemuletea kitu ya kuangalia. Nani anakataa kuangalia?"

Nikaona ni akili. Njia nzima kutoka Karuzi nikawa napanga maneno yangu. Nitaanza na salamu, nitapita kwenye afya, nitaingia kwenye hali ya biashara, kisha polepole nitafungua kisanduku. Niliyapanga vizuri sana. Nawaambia ili mjue yalivyokuwa mazuri, maana sikuyatumia hata moja.

Muyinga, karakanani

Tulifika soko likiwa bado limechangamka, malori ya kutoka Tanzania yamejipanga barabarani. Mama Furaha alishuka na vitenge vyake, akanishika mkono. "Mi nakuombea kwa Yesu, na we uombe kwako, tuone." Nikamwambia hiyo ndiyo biashara nzuri.

Wifi yangu Mwamini, mama yake Saidi, alinipokea kwa kelele na kunikumbatia, akaninyang'anya mkoba. Yeye ndiye anayevuta mvukuto tangu Saidi aondoke. Mikono yake imekuwa ya mwanamieleka, na nikamwambia hivyo, akafurahi. Kaka alikuwa kwenye fuawe. Hakunyanyua kichwa.

"Umefika."

"Nimefika, Kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Hicho ni cha nani?"

Sijakaa. Sijanywa maji. Hajashiba. Macho ya mtu huyu yanaona shaba ndani ya mbao.

"Ni cha... ni kitu cha kuangalia tu."

"Kimetoka kwa Saidi?"

Mimi uongo siwezi, na kwa Kaka ndiyo kabisa. Nikasema ndiyo. Nikafungua. Wifi Mwamini akaacha mvukuto, akasogea, akaweka mkono mdomoni. Kaka aliangalia bila kugusa. Aliangalia muda mrefu.

"Aliyechora hizi nyundo hajawahi kushika nyundo," akasema. "Mipini mifupi. Ukipiga na hii unajiunguza." Akarudi kwenye kazi yake. "Irudishe."

"Kaka."

"Zawadi yake sipokei. Nilishasema. Irudishe."

Nilimweleza. Nilisema mawe ya kijani, nilisema shimo, nilisema imeenda ng'ambo na imerudi. Nilisema hataki pesa, hataki kitu, anataka uiweke tu. Kaka akapiga nyundo. Nikanyamaza. Akaacha kupiga. Nikaanza, akapiga tena. Wifi Mwamini alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, wala hakuyaficha.

Nami nilikuwa na hasira, niwaambie ukweli. Nimekaa kwenye mstari wa mafuta, nimebanwa na vitenge, nimeshikwa kama mwizi wa dhahabu, ili mzee huyu anipigie nyundo? Nikaona nitaibeba tena hadi Gitega, na mtoto yule ataota meno, atatembea, ataolewa, bila babu yake kumwona. Jina la mama yetu litazeeka Kolwezi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja wa Kirundi na waya za umeme za zamani kwenye mfuko, shaba ya kutengenezewa pete. Kaka hakumfahamu. Alizipokea, akazipima kwa kiganja, akamwuliza anataka nini, akamwambia aje kesho. Basi. Hakuuliza zimetoka wapi. Shaba ikiletwa na mteja, Kaka hajawahi kuirudisha, hata ya adui yake. Hiyo ni miiko yake tangu tukiwa watoto Kigoma: moto haubagui.

Mama yule alipotoka, nikaichukua ile duara, nikaitoa kwenye plastiki, nikaiweka juu ya fuawe, tii.

"Basi si zawadi," nikasema. "Ni kazi. Mimi ni mteja. Nataka bangili ya mtoto."

Kaka akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. Mimi moyo unanienda mbio, maana sauti ya Saidi iko sikioni: asiipige, Shangazi, asiipige. Nilijua ninachofanya. Nikaona heri shaba iharibike kuliko watu.

"Ikipigwa hairudi," Kaka akasema.

"Najua."

Akaichukua. Akaigonga ukingoni, akasikiliza. Akaikuna kwa ukucha, akaibonyeza, na nikaona uso wake unalegea, kama anavyolegea mtu akinusa pilau. "Hii ni safi," akasema, kwa sauti ya chini. "Safi sana."

"Ngoja!" Huyo ni wifi Mwamini. Alikimbia ndani, akarudi na mche wa sabuni ya kufulia, laini, mbichi. Akaikandamiza duara juu yake kwa nguvu zake zile za mvukuto, akageuza sabuni na duara, akakandamiza tena. Alipoibandua, nyundo mbili zimebaki upande mmoja wa sabuni, na upande wa pili maandishi na tisa zote, yote kinyumenyume. "Mwanangu alitaka iwekwe," akasema. "Nami nimeweka."

Kisha akakaa kwenye mvukuto, na Kaka akaanza.

Sijui kama mmewahi kuona. Aliipasha hadi ikaiva, akaitumbukiza majini, maana shaba si kama chuma. Ukiizamisha ya moto inalainika. Kisha akachukua tindo, akaanza kuikata kuanzia ukingoni, akizunguka, akizunguka, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Ikawa utepe mmoja mrefu. Akaunyoosha, akaupiga, akaupasha, akauzamisha, akaupiga tena. Nyundo zile za mipini mifupi zilifutika taratibu. Utepe ukawa fimbo nyembamba, nyekundu, imenyooka.

Hapo akasimamisha nyundo.

"Mkono uko wapi?"

Simu

Nikasema hata sijui, ni mtoto mdogo tu, wa kawaida. Kaka akasema hakuna mkono wa kawaida. Nikasema nitamwuliza Saidi apime kwa uzi. Nilipotamka uzi nilitaka kuumeza ulimi.

"Mpigie," Kaka akasema.

Nikapiga. Saidi akapokea kwa haraka, alikuwa anangoja. "Shangazi, ameipokea?" Kaka alikuwa amenyoosha mkono. Nikampa simu. Akaishika mbali na sikio, kama wazee wanavyoshika, kwa hiyo tulisikia sote.

"Mi ni baba yako."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Shaba yako iko hapa."

"Umeiweka, Baba?"

"Nimeiweka motoni."

Nikaangalia chini. Nilisikia Saidi anavuta pumzi, na alipoongea sauti ilikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa. "Baba, ile ilikuwa ya kuweka. Nilimwambia Shangazi. Ilikuwa imetengenezwa tayari."

"Ilikuwa haijafika," Kaka akasema. "Sasa ni fimbo. Mteja anataka bangili ya mtoto. Mkono siujui."

"Nitapima, Baba. Nitapima sasa hivi, mtoto yuko hapa, nitakutumia..."

"Mkono nisioushika sitengenezi. Unajua. Ulikaa hapa miaka yote, ulinisikia."

Wifi Mwamini aliacha kupumua, nawaapia. Kaka alikuwa ameiinua ile fimbo ya shaba kwa koleo, anaitazama ncha yake, kana kwamba anazungumza nayo.

"Leta mkono," akasema. Akanirudishia simu.

Saidi alikuwa bado yupo. Nilisikia analia, na nyuma yake mtoto anapiga makelele ya mtoto aliyeshiba. "Shangazi," akasema, "amesema nini? Hebu rudia, amesema nini?" Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

Kurudi

Nilikaa Muyinga zaidi kuliko nilivyopanga, kwa kuwa Deo alikuwa kwenye mstari wa mafuta tena. Sikujali. Tulikula maharage na mchicha wa lengalenga, tulikula wali wa Muyinga na samaki, Mama Furaha alikuja jioni na sombe aliyoipata kwa Mkongomani mwenzake sokoni, akatutangazia kama mtu aliyegundua kisima. Alipoiona fimbo ya shaba imening'inizwa msumarini juu ya mvukuto, akauliza hii nayo inafanya nini.

"Inakaa," Kaka akamjibu. "Inangoja mkono."

Siku ya kuondoka, kisanduku nilikibeba tena. Wifi Mwamini hakukubali kirudi kitupu, chombo cha mtu hakirudi kitupu, akaweka juu ya mahameli ile sabuni yenye nyundo, akaifungia kwenye kile kifuniko cha plastiki baada ya kuichonga kwa kisu hadi ikaenea. Kwenye kizuizi cha Karuzi polisi alikuwa yule yule. Akafungua, akaona sabuni. Aliniangalia kwa huruma. Aliniambia pole, nikapita.

Sabuni iko hapa kwangu, juu ya kabati la nyuzi. Ni ya Saidi, atakuja kuichukua mwenyewe. Mnaokuja kunawa mikono baada ya kula, msiiguse.

Wameshafika Kigoma, yeye na mkewe na Mwanaidi, wanangoja gari la kuwavusha. Na Kaka, ambaye maisha yake yote hajawahi kunipigia simu, hata nilipofiwa alikuja kwa miguu yake, sasa ananipigia kila asubuhi. Anauliza kama Gitega kuna mafuta. Anauliza barabara ya Makebuko, ndiyo watakayopitia, ikoje. Jana hakuuliza hayo. Aliuliza jambo moja tu: mtoto ni mnene au mwembamba?

Nikamwambia, Kaka, si ulisema hupimi kwa simu?

Akakata.